Kifo cha Mlinda Lango

"Moja," alisema Mpimaji.

Alilitamka neno hilo macho chini, kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja umri wake mbele ya watu wasiomhusu. Kwenye kioo cha kompyuta, Fundi Saa alijishika kichwa kwa mikono miwili. Nesi akaziba mdomo. Msimulizi, ambaye Jumapili zote huwa na neno la kusema hata kabla hajaulizwa, alibaki amekodoa macho tu.

"Rudia," alisema hatimaye. "Sijasikia vizuri."

"Moja. Nimepata moja."

"Hebu angalia tena, shemeji," alisema Fundi Saa. "Isije ikawa kumi na moja ukatuua kwa presha bure."

"Ni moja, kaka. Basi tena."

Ulikuwa mchezo wa hadithi. Kila Jumapili alasiri marafiki hawa wanne walikutana mtandaoni, kila mtu nyumbani kwake, kila mtu na kikombe chake mkononi. Msimulizi, mwanamke ambaye siku za kazi alikata vioo vya miwani kwenye duka moja karibu na kwao, ndiye aliyebuni nchi yenyewe, na milima yake, na maadui zake, na hata mvua yake. Wengine walikuwa na watu wao ndani ya hadithi hiyo. Ukisema mtu wangu anapanda ukuta, basi anapanda. Lakini pakiwa na hatari, unatupa dadu, na dadu ndiyo inayoamua. Fundi Saa alikuwa mchawi mlafi. Nesi, ambaye wiki nzima huwabembeleza wagonjwa, alikuwa jambazi asiye na chembe ya huruma, na alilifurahia hilo kupita kiasi. Mpimaji, aliyekuwa akipima viwanja katika mji ulio mwendo wa nusu siku kwa basi, alikuwa Mlinda Lango, askari mzito wa maneno, mwenye ngao kubwa na moyo laini.

Na ndani ya hadithi hiyo palikuwa na mwanamke mwenye kinu cha kusaga ngano kando ya mto. Msimulizi alikuwa amemtia hapo ili awauzie wasafiri unga, basi, halafu waendelee na safari yao. Ila Mlinda Lango alirudi kununua unga. Akarudi tena. Akarudi hata kabla unga wa kwanza haujaisha, na Nesi akawa anauliza kama huyo askari ana tumbo au ana ghala. Kila aliporudi, Msimulizi ndiye aliyemjibu kwa sauti ya mwanamke wa kinu, na siku moja sauti hiyo ikamtetemeka, na wote wakasikia. Wiki ile ile Mpimaji akapanda basi. Walikutana kituoni, wakatazamana kama watu waliosahau lugha, kisha yeye akasema, "Nimefuata unga," na Msimulizi akacheka mpaka akalia.

Sasa askari huyo alikuwa amesimama langoni peke yake, akizuia jeshi zima ili wenzake wapite. Hakuna aliyemwomba. Walikuwa na mpango mzuri wa kutorokea mtaroni, yeye akaukataa, akasema mtu wangu anabaki. Hata hivyo hatari haikuwa kubwa. Dadu yao ilikuwa ya nyuso ishirini, na kumi na tisa kati ya hizo zingemtoa Mlinda Lango akiwa hai, pengine na jeraha la kumtambia mwanamke wa kinu. Moja tu ndiyo iliyokuwa ya kifo.

Kompyuta ingeweza kuwatupia dadu hiyo, lakini Fundi Saa alikuwa amekataa tangu mwanzo. Mimi nafungua mashine kila siku, alisema, naujua uongo wake. Kwa hiyo kila mmoja alitupa yake mwenyewe nyumbani, akasoma, akataja, na hakuna aliyeomba kuoneshwa. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya meza yao. Mpimaji alitupia dadu yake kwenye sahani ya bati, kwa sababu zamani ilikuwa ikibingirika mpaka chini ya kitanda, na kelele ya bati hilo iliwakera wote isipokuwa mtu mmoja.

Leo bati halikulia. Msimulizi alisikia kiti kikilalama, akasikia mtu akivuta pumzi, kisha akasikia "moja".

Hakutupa. Msimulizi alilielewa hilo papo hapo. Mtu hajiui bure, hata kwenye hadithi. Na huyu alikuwa amejiua wiki ambayo Jumamosi yake wazee wake walitakiwa kufika nyumbani kwao Msimulizi kumposa.

Jumamosi hiyo ilikuwa imegharimu mwaka mzima wa ubishi. Baba yake Msimulizi, karani mstaafu asiyeishiwa maswali, alikuwa amekataa katakata. "Mwanamume wa kwenye kompyuta," alisema, "umeme ukikatika anakuwa nani?" Haukuwa ukorofi. Miaka michache nyuma alimfungulia mlango binti yake huyo akiwa na mabegi na talaka, akambebea mabegi hayo mpaka chumbani bila kuuliza swali hata moja, yeye mzee wa maswali. Hakutaka kuyabeba tena. Lakini Msimulizi alimng'ang'ania, akanuna, akabembeleza, akaapa, mpaka mzee akalegea. "Haya," alisema. "Kama ni mtu kweli, waje watu wake." Na Msimulizi akajibu kwa kifua mbele kwamba watakuja. Sasa nyuma ya ukuta wa chumba chake alimsikia baba yake akisogeza viti vya sebuleni, akijaribu mpangilio.

"Ngoja kwanza," Nesi alisema. "Hatumwachi hapo. Mchawi si anaweza kumrudisha?"

"Anaweza," alisema Fundi Saa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha. "Kanuni zinaruhusu, Msimulizi akikubali. Mchawi wangu anatoa uchawi wake wote, mpaka wa mwisho. Anabaki mtu wa kawaida, auze mkaa. Sawa tu. Nautoa."

"Usifanye hivyo," alisema Mpimaji haraka.

"Kwa nini nisifanye? Umetuokoa sote."

"Nimesema usifanye, kaka. Umeukusanya kwa taabu uchawi huo. Mwacheni apumzike."

Msimulizi alimtazama. Mpimaji hakuwa mtu wa kukatisha wenzake maneno. Alikuwa mtu wa kusema samahani kwa kiti alichokikwaa. Na sasa alikuwa akiwaomba marafiki zake, kwa jasho usoni, wasimwokoe.

"Amekufa," alisema Msimulizi. "Hafufuki."

"Dada, lakini kanuni..." alisema Fundi Saa.

"Kanuni zinasema mimi nikikubali. Sijakubali."

Nesi alimkunjia uso. Walikuwa wamekaa dawati moja tangu utoto na hawakuwa wamezoeana ukali. "Leo umeamkia upande gani wewe? Mtu anatoa kila kitu alichonacho, unamjibu kama karani wa dirishani. Na yule mwanamke wa kinu je? Nani atampelekea habari?"

"Hana haja ya kupelekewa. Ameshajua."

"Amejuaje?"

"Amejua tu."

Siku zote mchezo ukiisha hubaki wakizungumza: nani alikosea, nani alichekesha, wapi hadithi ilinoga. Sehemu hiyo wengine waliipenda kuliko mchezo wenyewe. Leo Fundi Saa alisema ana saa ya mteja inamsubiri, na sote tunajua saa mbovu haina haraka hivyo. Nesi aliondoka bila kuaga vizuri. Wote wawili waliondoka wakiamini kwamba Msimulizi amemuua mpenzi wake kwa ukaidi, na yeye akawaacha waamini.

"Wewe baki," alimwambia Mpimaji.

Walibaki wawili kwenye kioo. Dirisha la chumba cha Mpimaji lilikuwa wazi, jua likimpiga shavu moja. Nyuma yake palisimama ile miguu mitatu ya kupimia viwanja, na juu yake ametundika shati jipya ambalo bado lilikuwa na kibandiko cha dukani.

"Hukutupa," alisema Msimulizi.

Mpimaji alisogeza kiti chake.

"Usinidanganye mara ya pili leo. Sahani haikulia."

"Sikutupa."

"Basi tupa sasa. Nataka kusikia ungepata ngapi."

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Sitaki kujua," alisema. "Ikija nzuri nitafanya nini nayo?"

Msimulizi alisukuma kikombe chake pembeni. Alikuwa ameanza kufahamu, lakini kufahamu na kukubali ni vitu viwili, na moyo wake ulikuwa bado unamtafutia mtu huyu udhuru. Labda amefukuzwa kazi. Labda mgonjwa. Alitamani awe mgonjwa, Mungu amsamehe.

"Jumamosi wanakuja?" aliuliza.

Mpimaji aligeuza macho dirishani.

"Nimekuuliza swali dogo. Wazee wako wanakuja au hawaji?"

"Mama amekataa."

"Mama alikataa tangu zamani. Ukasema utaongea naye."

"Nimeongea naye. Nimeongea mpaka ulimi umekauka. Anasema hawezi kumpokea mwanamke aliyeachika awe mke wa mtoto wake wa kwanza. Anasema umenizidi umri. Anasema..." Akasita.

"Malizia. Mimi si wa kuanguka."

"Anasema mwanamke mzima anayekaa Jumapili nzima kuwatungia wanaume hadithi kwenye kompyuta, nyumba yake itakuwa ya namna gani."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Ni mama yangu. Presha ilimpanda, tukampeleka hospitali. Wadogo zangu wakanigeukia wote, kaka unataka kutuulia mama. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi baba yangu alikataa mwaka mzima," alisema Msimulizi polepole. "Sikumuua, na sikumtii. Nilikaa naye. Nikamweleza wewe ni nani, kila siku, mpaka akachoka kukukataa. Hilo ndilo nililofanya. Hukuhitaji kuuliza."

Mpimaji alijifuta uso kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu, na hata katika hasira ile Msimulizi alitamani kuyagusa. Huo ndio ubaya wa mapenzi, hayana adabu ya kuondoka yanapofukuzwa.

"Nakupenda," alisema Mpimaji. "Hilo usilitilie shaka."

"Shati ni la nini?"

"Shati gani?"

"Lililo nyuma yako. Lina kibandiko. Wewe hununui nguo mpaka nikukumbushe."

Aligeuka akalitazama shati hilo, na alichukua muda mrefu mno kurudisha uso wake mbele ya kamera.

"Kuna binti," alisema. "Ni mtoto wa rafiki yake mama. Anafundisha chekechea. Ni mtu mzuri tu, hana makuu. Mama alipolazwa yeye ndiye aliyekuwa anamletea chakula. Tunaenda kwao Jumamosi."

Msimulizi alirudia neno hilo moyoni. Jumamosi. Hata siku hakumtafutia nyingine. Wazee wale wale, nguo zile zile, pengine na maneno yale yale ya kumsifia kijana wao, vyote vitakwenda, ila vitaingia mlango mwingine.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Kwa hiyo Jumapili iliyopita, ulipomletea mwanamke wa kinu pete uliyopewa na mfalme, ukamwambia akusubiri..."

"Ile ilikuwa hadithi."

"Usinifundishe mimi ni hadithi ipi," alisema, na sasa sauti yake ilikatika. "Mimi ndiye niliyeitunga. Ulinipigia baada ya mchezo ukaniuliza baba anapenda zawadi gani. Ile nayo ilikuwa hadithi?"

"Nilikuwa bado natafuta njia."

"Ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Hakubisha. Angebisha ingekuwa nafuu, pangekuwa na kitu cha kugombana nacho. Alikaa tu, mabega yamemshuka, mwanamume mrefu aliyejikunja kwenye kiti kidogo, na Msimulizi akakumbuka jinsi alivyolala begani kwake kwenye benchi la kituo, akinong'ona kwamba safari zote alizowahi kwenda na zile mashine zake za kupimia, hakuwahi kupata mahali pa kusimama kama hapo.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ungenipigia ukaniambia. Kwa nini umuue?"

"Nisingeweza kuendelea kuwa yeye." Mpimaji aliinua uso, na palikuwa na kitu kama matumaini machoni pake, kitu kilichomtia Msimulizi hofu kuliko machozi. "Sikiliza. Nimefikiria sana. Mlinda Lango ndiye aliyempenda mwanamke wa kinu. Akibaki hai, kila Jumapili itakuwa kujitonesha, mimi na wewe. Na nikiwa mume wa mtu, haitakuwa sawa. Lakini akifa kishujaa, hadithi yao inaisha vizuri, hakuna aliyemwacha mwenzake. Nami ninaweza kurudi."

"Kurudi wapi?"

"Mezani. Na mtu mpya. Nimeshamtengeneza, ni mtawa, mzee, ameapa kutosema na wanawake." Akajaribu kutabasamu. "Hatakusumbua. Nimemwambia huyu binti kwamba Jumapili huwa nacheza na marafiki, amesema hana neno. Siombi kingine. Siwezi kukuoa, lakini siwezi pia kukaa wiki nzima bila kuisikia sauti yako. Niachie Jumapili tu."

Msimulizi alimtazama mtu huyo. Kumbe hakumuua Mlinda Lango kwa uchungu. Alimuua kwa mpango, kama mtu anayehamisha kabati ili apate nafasi ya kitanda. Alitaka mke chaguo la mama yake nyumbani, na sauti ya mwanamke mwingine masikioni, na pasiwe na mtu wa kulaumiwa ila dadu. Na marafiki wao wawili walikuwa wameondoka na majonzi ya kweli kwa ajili ya kifo cha kupangwa.

"Fundi Saa alitaka kutoa uchawi wake wote," alisema.

"Najua."

"Wote. Kwa mtu wa kwenye hadithi. Wewe kwa mtu wa kweli umetoa nini?"

Mpimaji aliinamisha uso.

"Mtawa wako hana nafasi kwangu," alisema Msimulizi. "Hakuna mlima wala kijiji nitakachomweka. Wenzako utawaambia mwenyewe, leo, kabla hawajaendelea kuninunia kwa kosa lako. Usipowaambia nitawaambia mimi, na mimi huwa nasimulia vizuri."

"Mpenzi, nakuomba..."

"Usiniite hivyo. Nenda kaitoe kibandiko hiyo nguo yako."

"Tuongee kesho ukiwa umetulia."

"Kesho nina miwani ya watu."

Akamtoa. Kulikuwa na kitufe cha kumtoa mtu chumbani, hakuwahi kukitumia hata siku moja, na alishangaa kwamba kilikuwa chepesi kama vingine vyote. Kiooni ikabaki sura yake peke yake, pana kuliko alivyoizoea. Alifunga kompyuta asijione.

Alilia basi, sana, mkono mdomoni, kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba. Hakumlilia Mpimaji tu. Aliililia pia nchi yake yote, mto na kinu na milima, kwa sababu alijua hatoweza kuisimulia tena bila kumwona mtu yule akitokea barabarani na gunia tupu begani.

Mlango uligongwa. Baba yake aliingia nusu, mkono mmoja bado kwenye kitasa, suruali imekunjwa mpaka magotini kwa kazi ya usafi. Alimwona binti yake macho yamevimba, na uso wa mzee ukabadilika.

"Nilisikia mnasema mtu amekufa," alisema. "Nikasema nisiingie, ni mchezo wao. Kumbe ni kweli? Nani amefariki, mwanangu?"

"Yule aliyenipenda, baba."

Mzee aliachia kitasa. Akaja akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, akatafuta neno la kufaa. "Pole, mama. Pole sana. Ni ajali? Mama yake ameshaarifiwa?"

Msimulizi alitikisa kichwa. Alitaka kumwacha mzee aamini hivyo, japo kwa siku moja tu, maana msiba una heshima yake na wageni wangekosa kuja kwa sababu inayosemeka. Lakini mwongo mmoja katika mambo hayo alikuwa ametosha.

"Mpimaji ni mzima, baba," alisema. "Jumamosi anaposa kwingine."